Usiku Mmoja wa 1807: Mke wa Zheng Yi, Mchezo Wake na Bei ya Darubini

Mwaka 2024 studio ya Uingereza iitwayo Singer Studios ilitoa mchezo wa video wa uhalisia pepe (unaochezwa kwa kuvaa miwani maalumu), The Pirate Queen: A Forgotten Legend, unaomweka mchezaji mahali pa Cheng Shih, mwanamke wa Guangdong aliyeongoza maharamia wa Bahari ya Kusini ya China mwanzoni mwa karne ya 19. Sauti yake imetiwa na mwigizaji wa Marekani Lucy Liu. Kisa ni cha usiku mmoja wa mwaka 1807. Mwenye kuvaa miwani hupanda kamba na ngazi kwa mikono yake, hupiga makasia, hufumbua mafumbo na kupenya chombo baada ya chombo, akiutafuta uongozi wa kundi zima.

Kuna lawama mbili ambazo mchezo wa namna hii hauwezi kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba unamsafisha haramia kwa sababu tu ni mwanamke. Hiyo ni lawama nzito, hasa kwetu sisi tulioona kesi za maharamia wa Kisomali zikisikilizwa Mombasa, na tunaojua kwamba nyuma ya neno fidia kuna baharia aliyekaa miezi hajui kama atawaona tena wanawe. Ya pili ni kwamba mchezo ni mdogo mno: mwanamke aliyetikisa dola la Qing lililoitawala China amepewa usiku mmoja wa kufungua makufuli na kujificha gizani, na mizinga yote imeachwa nje. Lawama hii ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu naamini wanaoitoa wamekosea kuhusu mchezo na kuhusu mwanamke mwenyewe.

Jina ambalo wanahistoria humwitia Cheng Shih zaidi ni Zheng Yi Sao, maana yake mke wa Zheng Yi. Alizaliwa yapata mwaka 1775, inaelezwa kwamba alifanya kazi katika danguro la majini, na aliolewa mwaka 1801. Mumewe aliwaunganisha maharamia wa Guangdong kwa mkataba wa mwaka 1805, wakagawanyika katika makundi yenye bendera za rangi mbalimbali, kubwa kuliko yote likiwa la bendera nyekundu. Zheng Yi alifariki tarehe 16 Novemba 1807. Mwaka huohuo mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 4. Msomaji wa pwani anajua mjane wa siku za mwanzo hutarajiwa kuwa wapi, nani huja kumwangalia, na ni nani huanza kuulizia mali ya marehemu. Mjane huyu, mwenye mtoto wa kunyonya, alizitumia siku hizo kuwafuata jamaa za mumewe mmoja mmoja ili wamuunge mkono, kisha akamkabidhi uendeshaji wa bendera nyekundu Zhang Bao, mtoto wa mvuvi aliyetekwa akiwa na miaka 15 na kufanywa mwana wa kupanga na Zheng Yi. Baadaye alikuja kuolewa naye.

Katika hayo yote hakuna mzinga uliolia. Uongozi ulipatikana kwa maneno, kwa undugu, kwa kujua nani anamwogopa nani, na kwa haraka, kabla wakuu wengine hawajakubaliana juu ya mtu wao. Waliotunga mchezo hawajatupa kumbukumbu ya siku hizo, wametunga kisa. Lakini walipochagua mwaka 1807 badala ya mapigano makubwa ya 1809, waligusa mahali ambapo uwezo wa mwanamke huyu ulionekana waziwazi. Mchezo wa mizinga ungetupa Zhang Bao, maana yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mashambulizi, na mke wa Zheng Yi angerudi kuwa pambo la shetri kama alivyokuwa katika ngano nyingi za wanaume.

Kuna idadi moja ambayo kila nikiisoma hunifanya nisimame. Makundi yake na ya Zhang Bao yalipojisalimisha mwezi Aprili 1810, waliohesabiwa walikuwa watu 17,318, vyombo 226 na mizinga 1,315. Idadi hiyo ni ndogo kuliko zile za watu elfu 70 au 80 zinazopenda kutajwa, na ndiyo maana naiamini zaidi, kwa sababu imetokana na hesabu ya makabidhiano. Igawe. Ni watu 76 au 77 katika kila chombo, pamoja na mizinga isiyofika 6. Sasa wafikirie watu hao kwa siku moja tu: mchele wao, maji yao ya kunywa katikati ya maji ya chumvi, kuni, dawa, baruti isiyolowa, ugomvi wa nani alale wapi, wake na watoto waliokuwa wakiishi humohumo chomboni. Kisha zidisha kwa vyombo 226 na kwa zaidi ya miaka 2. Kundi la ukubwa huo haliwezi kuishi kwa kuvamia jahazi moja leo na jingine wiki ijayo. Liliishi kwa hati za kupita, yaani mfanyabiashara wa chumvi alilipa, akapewa karatasi, na kila haramia aliyemsimamisha alipaswa kuiheshimu karatasi hiyo. Karatasi ya namna hiyo ina thamani pale tu ambapo mtu wa mwisho, katika chombo cha mwisho, anaogopa kuivunja. Kuijenga hofu hiyo na kuidumisha ndiyo kazi iliyomfanya awe mkuu, na ni kazi ya daftari na ya kikao. Mchezo wa mafumbo na kunyemelea uko karibu zaidi na kazi hiyo kuliko mchezo wa kurusha risasi.

Hata mwisho wake ulikuwa hivyo. Mazungumzo ya kujisalimisha yalipokwama, alikwenda mwenyewe Guangzhou kumkabili gavana mkuu Bai Ling bila silaha, akiwa na msafara wa wanawake na watoto 17. Alitoka na msamaha, Zhang Bao akapewa cheo katika jeshi la serikali na kuruhusiwa kubaki na sehemu ya vyombo vyao. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1844, akiwa mzee mwenye nyumba ya kamari. Sijui kiongozi mwingine wa maharamia aliyemaliza hivyo.

Nirudi kwenye lawama ya kwanza. Shahidi mzuri tuliye naye ni Richard Glasspoole, ofisa wa meli ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliyetekwa Septemba 1809 na kuachiliwa Desemba. Anasimulia kwamba wakati wa mapigano mke wa mkuu wa maharamia alikuwa akimnyunyizia mara kwa mara maji ya kitunguu saumu, zindiko lililoaminiwa kumkinga mtu na risasi. Wengi humtambua mwanamke huyo kuwa ndiye mke wa Zheng Yi. Naipenda picha hiyo, kwa sababu mateka alikuwa fedha isiyolipwa bado, na mwenye kundi hakutaka fedha hiyo itobolewe na risasi, na bado kuna mkono uliochovya maji na kumrushia mtu mgeni.

Lakini Glasspoole huyohuyo anasimulia kijiji kilichovamiwa. Wanaume walikimbia. Wanawake wapatao 250 na watoto kadhaa walikamatwa, kwa sababu miguu ya wanawake hao ilikuwa imefungwa tangu utotoni ili isikue na hawakuweza kukimbia. Ishirini kati yao walipandishwa kwenye chombo alichokuwamo yeye kwa kuvutwa nywele. Wapatao 100 walikombolewa. Waliobaki waliuzwa kwa maharamia wenyewe kwa dola 40 kila mmoja, na baadhi yao walijitosa baharini wakafa maji kuliko kukubali.

Watetezi wa mke wa Zheng Yi hutaja sheria za kundi. Ni kweli zilikuwepo: Yuan Yonglun, mwandishi wa Kichina aliyeandika mwaka 1830, anaeleza kwamba ngawira iligawanywa mafungu 10, mawili kwa aliyeiteka na manane kwa hazina ya wote, na kwamba aliyemnajisi mateka wa kike kwa nguvu aliuawa. Yeye anasema sheria ni za Zhang Bao, wengine humpa mke wa Zheng Yi. Vyovyote iwavyo, sheria hiyo haikukataza kununua. Aliyelipa dola 40 alihesabiwa kuwa mume halali, na angeuawa kama angemtupa mwanamke huyo. Huo ni utaratibu, tena utaratibu mkali, lakini waliojitosa baharini walikuwa wakiukimbia utaratibu huohuo.

Linganisha na fidia iliyolipwa kwa ajili ya Glasspoole na wenzake Waingereza. Ililetwa robota za kitambaa bora, makasha ya afyuni, mapipa ya baruti, darubini moja na fedha taslimu. Maharamia waliikagua darubini wakaona si mpya, wakasema watambakiza mateka mmoja hadi iletwe nyingine au zilipwe dola 100. Zililipwa dola 100. Kwa hiyo kasoro ya darubini iliyotumika ilikuwa na bei ya wanawake wawili na nusu wa kijiji kile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Wanaosema mchezo unamsafisha hudhani dawa ni kumpunguza, tumwone kama jambazi mwenye bahati. Mimi naona kinyume. Tukikubali, kama mchezo unavyotutaka tukubali, kwamba alikuwa na akili ya kulishika kundi lote mkononi, basi bei ya dola 40 ni yake pia. Hawezi kuwa ndiye aliyeheshimisha kila hati ya kupita na wakati huohuo awe hakujua kilichouzwa kwenye sitaha za vyombo vyake.

Sitamani mtu yeyote atengeneze mchezo wa kuvutwa nywele, maana kuna mambo ambayo mwili wa mchezaji haupaswi kuyachezea. Ninachotamani ni asubuhi yake. Mchezaji amepanda kamba usiku kucha kwa mikono na miguu mizima, jambo ambalo wanawake wa kijiji kile wasingeliweza hata mara moja, na sasa uongozi ni wake. Aketishwe mezani, afunguliwe daftari la mapato, na mikono ileile iliyoshika makasia igeuze kurasa mpaka ifike kwenye mstari wa darubini, kisha kwenye mstari unaofuata.