Barua Arobaini au Hodi Moja: Vijana wa Kisumu na Nafasi za Uanagenzi wa Uwakili

Mwezi uliopita nilipokea barua ya kijana anayeomba uanagenzi. Ilikuwa safi, haina hata kosa moja la tahajia, na aya ya pili ilisema amevutiwa kwa muda mrefu na umahiri wetu wa kuunganisha kampuni za kimataifa. Ofisi yetu ina mawakili wawili, karani mmoja, na ngazi yenye giza juu ya duka la vipuri vya pikipiki hapa Kisumu. Kampuni ya mwisho tuliyoishughulikia ilikuwa ya ndugu watatu waliokuwa wakigombania kinu cha kusagia mahindi. Siku nyingine ni mirathi, mipaka ya mashamba, na madai ya watu waliogongwa na bodaboda. Nilipofika mwisho wa barua nikaelewa: jina la kampuni lililoandikwa pale halikuwa letu, lilikuwa la kampuni kubwa ya Nairobi.

Sikukasirika. Alifanya alichoambiwa na wenzake: tuma maombi arobaini, moja litajibiwa. Kilichonishangaza ni anwani yake. Anakaa Kondele. Kwa matatu hata nusu saa haifiki, na angeweza kupanda ngazi yetu akaona mwenyewe kwamba hapa hakuna anayeunganisha kampuni.

Kwa asiyejua utaratibu wetu, shahada ya sheria peke yake haikuruhusu kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu. Mhitimu huenda Kenya School of Law kule Karen, hukalia karatasi tisa za mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, na hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Miezi hiyo ndiyo uanagenzi, au pupileji kama wenyewe wanavyoiita. Hata ukishaapishwa hujawa huru. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinamtaka wakili mpya afanye kazi ya mshahara kwa miaka miwili kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe: iwe serikalini, au kwa wakili ambaye ameendesha ofisi yake kwa miaka isiyopungua mitano. Ndiyo maana watu wanagombania nafasi za uanagenzi kana kwamba ni za maisha. Aliyekulea kwa miezi sita ndiye mtu wa kwanza utakayemwomba hiyo miaka miwili.

Sasa, nafasi hizo hupatikana kwa njia mbili. Kampuni kubwa za Nairobi, zile za Westlands na Upper Hill, hutangaza kwenye tovuti zao, hutoa fomu, huweka mtihani, kisha huita watu kwa mahojiano. Ofisi za Kisumu, Kakamega au Busia ni nadra kutangaza chochote. Unabisha hodi, au mjomba wako anapiga simu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba njia ya kwanza ni ya haki na ya pili ni ya kujuana. Siku hizi sina uhakika huo, ingawa upande wa fomu una hoja nzito ambayo sisi wa ofisi ndogo hatupendi kuisikia. Fomu haimjui mama yako. Msichana kutoka Siaya ambaye wakili pekee aliyewahi kuonwa na babake ni yule wa kesi ya shamba anaweza kuijaza usiku kwa simu, akafaulu mtihani, akaingia. Msichana huyo huyo akija kwetu ataulizwa mlangoni, "Umetumwa na nani?" Swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu, katika ofisi yangu, kutoka kwa karani ninayemlipa mimi. Na jibu hupimwa. Jina la ukoo hupimwa, kanisa hupimwa. Kijana wa jamii nyingine aliyesomea huku anaweza kubisha milango kumi ya mji huu akajibiwa kwa upole mtupu, kisha nafasi ikaenda kwa mpwa wa mtu.

Kuna jambo jingine la aibu zaidi. Katika ofisi ya watu wanne hakuna wa kupelekewa malalamiko. Mwanagenzi wa kike akibakizwa kazini hadi saa mbili usiku na mwenye ofisi, na mwenye ofisi akiwa mtu wa tabia mbaya, atamlalamikia nani? Karani? Sisemi kampuni kubwa zina malaika. Lakini zina idara ya wafanyakazi, zina washirika zaidi ya mmoja, na zina jina la kulinda.

Pamoja na hayo yote, hebu tuichukue fomu yenyewe tuisome. Inauliza alama zako. Inauliza mashindano ya mahakama ya kuigiza uliyoshiriki. Inauliza umewahi kufanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, wapi. Kila swali ni halali, na kila swali lina bei. Vyuo vya upande wetu na Bonde la Ufa, kama Moi kule Eldoret, au Egerton na Kabarak pale Nakuru, vina wanafunzi wanaoshindana na yeyote, ila timu ikisafiri kuna anayelipa. Atachimenti ya miezi miwili Nairobi wakati wa likizo huwa haina malipo ya kukuweka mjini, kwa hiyo huifanya yule mwenye pa kulala. Akifika kwenye uanagenzi tayari ana jina la kampuni kubwa kwenye wasifu wake, na wasifu huo ndio unaomfungulia kampuni kubwa inayofuata. Fomu haimjui mama yako, lakini shangazi yako wa South B kule Nairobi inamjua vizuri.

Mahojiano nayo hupangwa Jumanne saa mbili asubuhi. Kutoka Kisumu ni kilomita zipatazo 350. Unapanda basi la usiku Jumatatu, unanawa uso kwenye choo cha kulipia, unabadilisha shati, unaingia kwenye jengo la vioo ukiwa hujalala, na anayekaa kando yako ameteremshwa na gari la nyumbani. Mtihani ni mmoja kwa wote, hilo siwezi kubisha.

Na je, kinachopimwa ndicho kinachohitajika? Hapa nina upendeleo na sitauficha. Mwanagenzi wetu wa mwaka jana hakuandika barua. Alikuja mara mbili akaambiwa wakili yuko kortini; mara ya tatu alinifuata huko huko kortini. Mwezi wake wa pili alikuja mama mmoja mjane kutoka Nyakach na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya chifu na nakala ya hatimiliki. Mimi nilikuwa na haraka. Mwanagenzi akakaa naye karibu saa mbili, wakizungumza Kijaluo. Kwanza aligundua kwamba hatimiliki ina jina la baba mkwe, si la mume, kwa hiyo mirathi ya kuanza nayo ilikuwa ya mzee, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Kisha akasoma barua ya chifu mara ya pili na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, watoto wa nyumba ndogo hawakuandikwa?" Mama alinyamaza. Mwanagenzi hakumsukuma. Alishuka chini akamnunulia soda, akarudi, wakaendelea kuzungumza habari za mvua, na baada ya soda yale majina matatu yakatoka. Tungewasilisha maombi bila watoto wale, tungepata barua za usimamizi wa mirathi, na baadaye zingekuja kubatilishwa mahakamani, mama akiwa ameshamaliza pesa.

Sijui fomu gani ingempata mtu huyo.

Lakini nisigeuze tukio moja kuwa kanuni. Kwa kila ofisi inayomwachia mwanagenzi faili, ipo nyingine inayomtuma chai. Zamani walau alijifunza masijala kwa kupanga foleni na kuzoeana na makarani wa mahakama. Tangu mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2024, foleni imepungua, na katika ofisi zingine mwanagenzi amekuwa mtu wa kuskani karatasi kutoka asubuhi hadi jioni. Na kama moyo wako uko kwenye dhamana za benki, kodi au mikataba ya kuuza kampuni, usidanganyike: Kisumu haitakufundisha, nenda Nairobi. Anayetaka kesi ni hadithi tofauti. Mahakama Kuu iko hapa, Mahakama ya Rufani inaketi hapa, ya Ardhi na ya Ajira pia, na mwanagenzi anaweza kuzifikia zote bila kumaliza nauli ya wiki.

Mimi nadhani tunabishana kuhusu mlango usio wenyewe. Fomu au hodi, kinachochuja vijana wengi ni mwezi wa kwanza bila mshahara. Kuna ofisi zinazolipa posho inayotosha kodi ya chumba, kuna zinazolipa nauli, na kuna zinazosema uzoefu ndio malipo. Yetu inatoa nauli na chakula cha mchana, na sijivunii. Huko Uingereza, tangu 2003 wanagenzi wa mawakili wa mahakamani lazima walipwe kiwango fulani cha chini. Na kwa wale mawakili wengine, wa ushauri na mikataba, utaratibu ulioanza 2021 unawaruhusu kukusanya miaka miwili ya uzoefu katika ofisi hadi nne, hata kliniki ya msaada wa kisheria ikihesabiwa. Wazo hilo la pili lingetufaa sana huku, ambako mashirika ya msaada wa kisheria yana kazi nyingi kuliko mikono.

Kuhusu malipo, hoja ya kupinga ninaijua kwa sababu ni yangu: nikilazimishwa kulipa, nitachukua mmoja badala ya wawili. Ni kweli. Ila huyo wa pili, kwa hali ilivyo sasa, ni yule tu ambaye wazazi wake wanaweza kumlisha kwa nusu mwaka, na sioni tumemsaidia nani mwingine kwa kumweka pale.

Ningeanza na jambo dogo. Tawi letu la Chama cha Mawakili lingetoa karatasi moja kila mwaka: ofisi ipi, nafasi ngapi, posho kiasi gani, siku gani ya kuja kufanya zoezi la saa moja juu ya faili lililofutwa majina. Wenzangu watasema tutafurikiwa na watu mia kwa kiti kimoja. Huenda. Afadhali mia wanaojua posho ni ngapi kuliko barua arobaini zenye jina la kampuni ya mwingine.

Kijana wa Kondele nilimpigia simu. Nikamwambia kuhusu jina. Akanyamaza, kisha akasema, "Pole sana, wakili. Nisamehe." Nikamwambia makosa hayo hata sisi huyafanya kwenye hati za kiapo, na kama angependa aje Alhamisi aione ofisi. Akashukuru, halafu akauliza, kwa adabu sana, kama kuna chochote cha kumsaidia mwanagenzi kwa mwezi. Nikamtajia kiasi. Akasema atanipigia.

Hajapiga bado.