Na Uniti Anakatwa Nani?

Sisi wa Kigoma tulikua tukiujua umeme kwa masikio. Hadi gridi ya taifa ilipotufikia, taa zetu zilitegemea majenereta ya dizeli, na siku dizeli ikipungua mtaa mzima ulijua. Hata sasa mama yangu, pale Ujiji, hapiti mlangoni bila kuitupia jicho mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Zikibaki uniti tatu, friji inazimwa na wajukuu wanaambiwa televisheni basi.

Mimi niko Dublin mwaka wa saba, naandika programu za kompyuta. Karibu na ninapoishi, Clondalkin, kuna majengo makubwa ya kijivu, marefu kama maghala ya bandarini. Ndiyo vituo vya data, yaani maghala ya kompyuta zinazoendesha huduma za mtandaoni. Ukipita na baiskeli usiku husikii kitu ila mvumo wa mafeni. Mwaka 2015 vituo hivyo vilitumia asilimia 5 ya umeme wa Ayalandi. Mwaka 2023 vikafika asilimia 21, wakati nyumba zote za mijini kwa pamoja zilitumia 18. Nchi nzima! Na bado sijaona jirani hata mmoja akilizungumzia, kwa sababu huku bili hukatwa benki kimyakimya, taa haijawahi kuzimika.

Si umeme wote huo unaliwa na akili mnemba (AI). Humo kuna video zetu, barua pepe, benki. Ila hii ya kutunga maandishi na picha imekuja na njaa yake. Google wenyewe walitangaza mwaka 2024 kuwa gesijoto wanazotoa, zile zinazoipasha dunia joto, zimepanda asilimia 48 tangu 2019, na vituo vya data wakavitaja kuwa sababu kubwa. Hao ndio waliokuwa wameahidi kufikia sifuri halisi ifikapo 2030, yaani wasitoe gesi zaidi ya wanazoondoa hewani.

Kazini kwangu tuliagizwa tuiingize akili mnemba kila mahali, hata kwenye fomu ya kuomba likizo. Nikauliza kikaoni: swali moja linakula umeme kiasi gani? Hakuna aliyejua, na kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kujua. Jioni nikampigia mama, nikamweleza kazi yenyewe ilivyo. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na uniti anakatwa nani, mwanangu?"

Nikamfikiria mdogo wangu. Anavua dagaa Kibirizi. Zamani walitoka na karabai, mafuta ya taa yakinuka mtumbwini. Siku hizi ana taa za betri anazochaji kwa sola, anazipanga juani asubuhi moja moja na kuzifuta vumbi kwa khanga kuukuu. Mwanga wake wote wa usiku ameupata kwenye jua. Ziwa ndilo linalomwangusha. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba yake imelala chini. Upepo wa kiangazi ukivuruga maji ndipo inapanda, vijimea vya majini vikastawi na dagaa wakala. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea tu, hayachanganyiki. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kuwa hali hiyo huenda imepunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Uvuvi wa kupitiliza nao umo, sikatai, na ndiyo maana mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu. Lakini nyavu tunaweza kuzipumzisha. Joto la dunia hatulifungii ziwa.

Siipingi akili mnemba. Mwaka 2023 GraphCast, programu ya akili mnemba ya Google DeepMind, ilionyesha kuwa inaweza kutabiri hali ya hewa ya siku 10 kwa chini ya dakika moja, kwa mashine moja. Utabiri kama huo ukimfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi, unaokoa roho. Ninachokataa ni kutumia sifa ya kazi hiyo kuhalalisha kila picha ya kuchezea na kila fomu ya likizo.

Wekeni mita. Kila huduma ya akili mnemba imwonyeshe mtumiaji, palepale kwenye skrini, umeme aliotumia, kama LUKU inavyomwonyesha mama. Kampuni ziwaambie wahandisi wake pia, maana sisi ndio tunaoamua kitu kiende kwenye mashine kubwa au ndogo. Hesabu hiyo inapimika. Tumeshindwa kuitoa kwa sababu hatujabanwa. Ombi langu nimeshaliandika, na kikao kijacho nitaliweka mezani.