Nilivyouhamisha Moyo wa Mwenzangu Kulia

Niliwahi kumwambia mtu mzima, mzima wa afya na akili, kwamba moyo wake uko upande wa kulia. Nilimwambia taratibu, kwa ile sauti tunayofundishwa ya kupasulia habari mbaya. Tena ushahidi nilikuwa nao mkononi, umechapwa kwenye karatasi ya waridi yenye mirabamraba.

Ilikuwa zamu yetu ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwenye mazoezi ya fiziolojia. Watatu watatu: mmoja anavua shati na kulala, mmoja anabandika elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa moyo, mmoja anaandika. Mwenzetu asiye na nywele kifuani alijikuta kitandani bila kuulizwa, kwa sababu nywele na elektrodi hazipikiki chungu kimoja: gundi haishiki, mstari unatetemeka kama mtu mwenye homa, na siku ya kubandua ni kilio. Mimi nikawahi waya. Kiherehere ni changu, simsingizii mtu.

Waya za viungo ni nne. Kwa mashine yetu, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Wamarekani wana rangi zao: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Anayekariri mfumo mmoja akakutana na mashine ya mfumo mwingine ana msiba wake wa peke yake, lakini wangu haukuwa huo. Rangi nilizijua kama jina langu. Nilichokosea ni mahali pa kusimama: nilisimama miguuni pa kitanda, nikamtazama usoni, nikabandika nyekundu mkono wa kulia.

Kulia kwangu.

Siku ya kwanza kabisa ya anatomia tunaambiwa kwamba kulia ni kulia kwa mwenye mwili, awe amesimama, amelala au yumo kwenye picha. Swali hilo nililipata kwenye mtihani. Miguu nayo niliigeuza, ila kosa la miguu halimuumbui mtu: waya wa mguu wa kulia ni wa kutuliza mashine tu, na umeme unaofika mguu huu na ule karibu ni uleule. Mikono ndiyo mbeya.

Elektrodi sita za kifuani nilizibandika vizuri ajabu, maana hapo nilimzunguka nikakaa ubavuni mwake. Nilipapasa kidari mpaka kwenye kile kinundu kinachokutana na ubavu wa 2, nikahesabu kushuka. V1 nafasi ya 4 kati ya mbavu, kulia kwa kidari. V2 nafasi hiyohiyo, kushoto. V4 nafasi ya 5, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 katikati ya V2 na V4, na ndiyo maana hubandikwa baada ya V4. V5 na V6 zinafuata usawa wa V4 kuelekea kwapani. Hata fundi wa maabara alipita akatikisa kichwa kwa kuridhika. Angetazama mikono kidogo tu tungeokoka.

Karatasi ikatoka kwa milimita 25 kwa sekunde. Kimraba kidogo sekunde 0.04, kikubwa 0.20. Kati ya R na R, yaani kilele cha pigo moja na cha linalofuata, vimraba vikubwa 4, gawa 300 kwa 4, mapigo 75. PR, muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, sekunde 0.16, katikati ya 0.12 na 0.20 panapotakiwa. Safi. Kisha nikatazama lidi ya I. Lidi ni pembe ambayo mashine inautazama moyo, na kila moja ina mstari wake.

Ilikuwa kichwa chini miguu juu. Mawimbi yote ya pigo yamezama: P imezama, QRS imezama, T imezama. Lidi ya I hutazama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na umeme wa moyo kwa kawaida huelekea kushoto na chini, kwa hiyo mawimbi yake hupanda. Halafu aVR, lidi inayotazama kutoka mkono wa kulia, ambayo kwa mtu wa kawaida mawimbi yake huzama, ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride.

Maelezo ya picha kama hiyo ni mawili. La kwanza, waya za mikono zimebadilishana. La pili, dekstrokadia, moyo ulioelekea kulia. La kwanza hutokea kila leo. La pili unaweza ukamaliza masomo hujaliona. Nadhani mnajua nililikumbuka lipi.

"Kaka," nikamwambia, "kwenu kuna mtu mwenye matatizo ya moyo?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Usishtuke."

Hapo ndipo aliposhtuka. Mashine ilikuwa bado inachapa, tukauona mshtuko wenyewe ukitembea kwenye karatasi: vimraba 4 vikawa 3, vikawa 2 na nusu. Mapigo 120. Mwandishi wetu, Mungu ambariki, akaandika pembeni: "mapigo yanapanda, sababu haijulikani."

Kundi zima likahamia kitandani kwetu. Mmoja akasema kama moyo umehama basi na ini limehama, akaanza kugonga mbavu za chini kushoto kutafuta mlio mzito wa ini. Ukatoka mlio wa ngoma, yaani hewa ya tumbo, kama kwa binadamu mwingine yeyote. Je, niliona aibu? Nilisema, "Basi umehama moyo peke yake." Mwingine akaweka stetoskopu nafasi ya 5 kushoto, akasikia lub-dab ya kupasua sikio. Nikamwomba ahamie kulia. Akanyamaza, akafumba macho.

"Unasikika," akasema. "Kidogo."

Bila shaka unasikika. Moyo wa kila mtu unasikika kidogo upande wa kulia. Sauti haina ukuta wa kuizuia katikati ya kifua. Lakini saa hiyo nani alitaka kusikia hayo? Mgonjwa wetu alikuwa tayari anampigia simu mama yake, waya kumi zikining'inia, na mkono ulioshika simu ukichora milima kwenye karatasi.

"Mama, wamegundua moyo wangu uko kulia."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulimsikia. "Ndiyo maana," mama akasema, wala hakustaajabu. "Tangu mdogo unalalia ubavu huo."

Mhadhiri akaingia. Hakumtazama mgonjwa, aliomba karatasi. Akapitisha kalamu V1 hadi V5. "R inakua. Moyo ungekuwa kulia, ingekuwa inanywea kadiri unavyoelekea kwapa la kushoto." Kisha akaniuliza, "Nionyeshe mkono wake wa kulia."

Nikauonyesha kwa kujiamini.

"Huo ni upi?" akamuuliza mwenye mkono.

"Wa kushoto, Mwalimu."

Akabadilisha waya mbili. Lidi ya I ikainuka, II na III zikabadilishana sura, aVR ikarudi shimoni kwake ikiiachia nafasi aVL, lidi ya mkono wa kushoto, na aVF, ile ya mguu, haikujua kama kulikuwa na habari. Upasuaji wa kurudisha moyo mahali pake ulichukua sekunde kumi. Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kipimo hiki, aliwatumbukiza watu mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi. Ningekuwa msaidizi wake ningechanganya ndoo.

Jioni mwenzangu alimpigia tena mama yake kusahihisha. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia asijali, madaktari huwa hawapendi kuwatisha watu. Shangazi alikuwa keshapewa habari. Kila wakionana, shangazi humbandika sikio kifuani upande wa kulia, na anaapa kwamba anausikia.

Kidogo.