Wikiendi ya sikukuu Japani, usijifungie ndani

Kila ikikaribia wikiendi ya siku tatu huku Japani ushauri unaopewa ni uleule, usitoke, treni zitajaa, kila sehemu foleni, bora usubiri Jumanne watu warudi makazini ndo uende zako. Na sisi Waswahili tuliopo huku Tokyo wengi tunaufuata kweli, tunalala mpaka saa sita mchana, tunapiga simu nyumbani, mwanafunzi anamalizia yale masaa yake 28 ya kazi anayoruhusiwa kwa wiki, jioni mnakutana mnapika pilau, siku imeisha. Mimi nasema toka. Tena toka sikukuu yenyewe, siku hiyohiyo ambayo kila mtu katoka.

Nitaongelea mlima Takao kwasababu ndo nakopajua vizuri. Unapanda treni ya Keio pale Shinjuku mpaka kituo cha mwisho, Takaosanguchi, ni saa moja haifiki na nauli haifiki yen 500. Mlima wenyewe una mita 599, hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna wa kukuuliza kibali. Sasa nenda karibu na tarehe 23 Novemba, sikukuu yao ya kushukuru kwa kazi, ilianza rasmi 1948 ila mizizi yake ni sherehe ya mavuno ya zamani sana, na ikiangukia Jumapili basi Jumatatu nayo watu wanapumzika. Ndo wakati majani ya momiji, ile miti yao ya maple, yameiva mekundu mlima mzima, na ndo wakati Tokyo yote unaiona imehamia pale.

Foleni ya gari la kebo siku hiyo ni ndefu kwelikweli, sikatai. Lile gari linapanda mteremko wa nyuzi 31, hakuna reli ya kebo yenye mwinuko mkali zaidi Japani nzima, kwahiyo kila mtu anataka kulipanda. Achana nalo, tembea. Njia namba moja imesakafiwa, bibi wa miaka themanini anapanda na fimbo zake mbili na kikengele kinalia kwenye begi, na njia namba sita inafuata kijito, mawe yanateleza kidogo lakini kuna kivuli na ubaridi mzuri.

Hapo njiani ndo kuna kitu ninachotaka mkione. Mtu umekaa naye bega kwa bega kwenye treni ya asubuhi mwaka mzima, hajawahi kukuangalia usoni, humjui hakujui, lakini ukikutana naye huku mlimani anakusalimia. Konnichiwa. Na anayefuata, na mtoto wake, na babu aliye nyuma yao, wote wanasalimia, ndo ustaarabu wa mlimani kwao. Kwa mtu aliyekulia kwetu, ambako kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni kukosa adabu, ile hali inakurudishia kitu kifuani, sijui niseme nini zaidi, unajiona tena mtu kati ya watu. Hali hiyo, siku ya kawaida ambayo mlima uko mtupu, utaipata wapi?

Juu kileleni familia zinatandika maturubai ya buluu, viatu vimepangwa ukingoni kama mlangoni kwa mtu, wengine wana majiko madogo ya gesi wanachemsha maji ya tambi. Hali ya hewa ikiwa safi mlima Fuji unauona ule pale, na hapo wenyewe wanapeana zamu ya kupiga picha, mzee mmoja alinishika mkono kabisa akanisogeza mbele pale alipokuwa amesimama yeye ili nione vizuri, hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya kucheka. Mapipa ya taka huyaoni huko juu, kila mtu anashuka na taka zake kwenye begi, na pamoja na umati wote ule njia ni safi. Ukishuka kula soba ya tororo, soba ni tambi zao na tororo ni kiazi kikuu kibichi kimekwaruzwa kikawa kinavutika kama mlenda, wengine hawawezi ila mimi naipenda sana.

Serikali yao toka mwaka 2000 ilianza kusogeza baadhi ya sikukuu ziangukie Jumatatu, makusudi kabisa, ili mfanyakazi apate siku tatu mfululizo. Nawaonea wivu kwa hilo. Kwetu tuna Kilimanjaro ya mita 5,895 na wengi tuliokua tunaiangalia kila asubuhi hatujawahi kuigusa, manake ni siku tano sita, wapagazi, nguo za baridi, hela nyingi, na tukishasikia hivyo tunaona milima yote sio ya kwetu. Lakini Uluguru je? Sahivi na treni ya SGR toka Dar mpaka Morogoro ni chini ya masaa mawili, unashuka asubuhi, unapanda kwa miguu mpaka Morningside kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, jioni uko kwako. Nawaambia ndugu zangu walioko Dar kila sikukuu, bebeni watoto na bibi zao muende, na mkienda wengi ndo vizuri zaidi.