Bagamoyo hakuna bahari?

Jumatatu asubuhi mfanyakazi mwenzangu alirejea kazini baada ya matembezi ya siku moja Bagamoyo, akabwaga mkoba mezani na kutoa hukumu ambayo wakazi wa Dar es Salaam tumeizoea: "Kule hakuna kitu, bwana. Hata bahari yenyewe hakuna." Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo huwa naiacha ipite. Nusu ya pili ilinifanya niweke kikombe cha chai chini, kwa kuwa mji uliokaa ufukweni karne na karne hauwezi kuishiwa bahari kwa sababu tu yeye ameamua kuutembelea siku ya Jumamosi.

Nilimuuliza alifika saa ngapi, akanijibu kuwa ilikuwa saa nne asubuhi. Nikakumbuka kwamba usiku wa Ijumaa mwezi ulikuwa mpevu, nami sikuhitaji kuuliza swali la pili. Bwana mkubwa alikwenda siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, akafika wakati ule ule ambao maji yamekupwa kuliko wakati mwingine wowote, akaona mchanga, tope na ngalawa zilizolala ubavu, kisha akajifungia ndani ya ukuta wa hoteli hadi saa tisa, alipoingia garini haraka kwa kuiogopa foleni ya Bunju na Tegeta. Saa kumi bahari ilikuwa imejaa pomoni. Ilirudi nyuma ya mgongo wake.

Mtu huyu hathubutu kutoka Mbezi kwenda Posta bila kuitazama simu aone foleni ikoje, lakini husafiri kilomita 70 hivi kwenda kuitazama bahari bila kuuliza bahari itakuwa wapi. Na jambo lenyewe si elimu ya siri. Katika pwani yetu, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupwa sana katikati ya asubuhi na kujaa sana jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi, hata baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, bahari inapopwa na kujaa kidogo tu, yule aliyefika saa nne na kukuta tope angefika saa hiyo hiyo na kukuta maji. Anayetaka kuogelea na achague siku kwa kuutazama mwezi. Asiyetaka kuutazama, basi angalau asiusingizie mji.

Hata hivyo, kilichonikera zaidi ni kuliita tope lile "hakuna kitu". Ufuko wa Bagamoyo huteremka polepole, na kwa sababu hiyo majahazi yaliweza kuingia na maji yaliyojaa, yakakalia mchanga maji yalipotoka, yakapakuliwa na wachukuzi waliokwenda kwa miguu hadi ubavuni mwa chombo. Njia ya misafara iliyoanzia Ujiji na kupitia Tabora iliishia hapo, pamoja na pembe za ndovu na watu waliotekwa, ambao safari yao haikuwa ya siku moja wala ya kurudi. Ufuko huo huo ndio uliowashinda Wajerumani. Walikuwa wameufanya mji huo makao makuu yao, lakini meli zao kubwa zililazimika kutia nanga mbali na nchi kavu, na mwaka 1891 makao hayo yakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari ya asili yenye kina. Kwa maneno mengine, tope alilolidharau mwenzangu lina mkono katika kumfanya awe na ofisi ya kurudi Jumatatu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nami safari yangu ya kwanza niliifanya hivyo hivyo, na kwamba mwenye watoto wadogo ana haki ya kutafuta kivuli na choo safi kabla ya historia. Nakiri pia kuwa jua la saa sita katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo halina huruma. Lakini sikubaliani na wale wanaotaka kumaliza misheni ya mwaka 1868, ngome, Boma na magofu ya Kaole kabla ya chakula cha mchana, kisha wakachanganya picha zote kwenye simu. Kaole peke yake inastahili siku yake.

Safari hii mimi niliondoka kwa basi kutoka Makumbusho kabla jua halijapanda, siku ya bamvua, kwa makusudi, ili niikute bahari ikiwa haipo. Ufukweni, mahali ambapo jioni ingekuwa kina cha kumzamisha mtu mzima, fundi alikuwa amechutama chini ya jahazi, akisokota pamba iliyoloweshwa mafuta, akiipachika kwenye upenyo wa mbao na kuishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ningeweza kukaa. Akaniambia, "Kaa, mwanangu, ila maji yakija hayatakuuliza." Alikuwa akikalafati chombo bila saa mkononi. Kila baada ya mbao mbili tatu aligeuza shingo, akatazama mstari mweupe wa mawimbi kule mbali, kisha akaongeza au kupunguza kasi ya nyundo.

Kufikia saa nane maji yalikuwa yameufikia mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Alikusanya vifaa vyake kwenye kapu bila pupa, akapangusa mikono kwa kitambaa, akasogea juu na kuketi karibu nami. Jahazi lilitikisika kidogo, likainuka upande mmoja, kisha likakaa sawa juu ya maji. Nilirudi Dar usiku, na foleni ya Tegeta niliikuta imekwisha.