Kinu cha mama mkwe

Kinu chetu cha mninga alikuja nacho mama mkwe mwenyewe, kwenye basi, kakipakata kama mtoto mchanga, wiki moja baada ya harusi. "Mwanangu hatasaga kisamvu kwa blenda," alisema. Basi mjue ni kinu cha namna gani nilichokijaza magome ya paini.

Chanzo ni mkuyu wangu. Nina mkuyu wa miaka minne usiozidi urefu wa rula ya shule, umekaa kwenye chungu chenye kina cha vidole vinne. Bonsai, mti unaodumazwa makusudi kwenye chungu, kwa wanaoujua ugonjwa huu. Nilikuwa nimeupanda kwenye udongo mwekundu wa hapa kwetu Mafinga, wilayani Mufindi, na udongo huo ukiutia kwenye chungu kifupi unageuka tofali: maji yanasimama juu, mizizi chini inakosa hewa inaoza. Wajapani wana udongo wao wa chembechembe, akadama, ila mfuko mmoja kuufikisha Mufindi, bora ninunue mbuzi. Mbadala wake ni magome ya paini, yavunjwe yawe chembe za milimita 3 hadi 6. Yanashika maji kiasi, yanaacha nafasi hewa ipite. Na mtu wa Mafinga kukosa gome la paini ni kama mtu wa Pwani kukosa kifuu.

Nikaenda kwenye kiwanda cha mbao, nikamwomba kijana wa pale anibandulie magome kwenye mabanzi. Nilitaka ya shinani, mazito. Ya juu ya mti ni mepesi kama karatasi, hayafai.

"Unaenda kupikia, bro?"

"Kupandia mti."

Akasimama na panga mkononi. "Yaani unauvua mti magome ukapandie mti?"

Sikumjibu. Nilimlipa nikaondoka na gunia langu.

Jumamosi mke wangu alikwenda mazoezi ya kwaya. Nilijaribu kwanza nyundo. Vipande vikaruka mpaka kwa jirani, kuku wake wakavikimbilia wakavisusa. Ndipo jicho likatua kwenye kinu. Jamani, kile kinu kinajua kazi! Mchi unashuka, gome linapasuka tabaka kwa tabaka, na harufu inapanda, harufu ya msitu wa Sao Hill baada ya mvua. Nikachekecha kwa wavu wa matundu makubwa kuondoa mapande, kisha kwa wavu wa mbu kuondoa vumbi, maana vumbi likibaki linaziba chungu tunarudi kulekule. Kutwa nzima, gunia zima, nikapata ndoo moja ndogo. Vingine vyote ama vikubwa mno ama unga.

Kinu nilikiosha. Sabuni, maji ya moto, brashi. Nikakinusa: safi. Sikukumbuka kwamba pua yangu ilikuwa imeshinda ndani ya paini tangu asubuhi, hata ningenusa soksi ningesema safi. Wala sikujua kwamba utomvu hautoki kwa maji. Unaupaka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni.

Jumapili, bila hodi ya simu, mama mkwe huyo. Kabeba kisamvu kutoka shambani kwake, na hakutaka msaada: atatwanga mwenyewe, kwenye kinu chake, apikie wajukuu.

Kwa mila za kwao mama mkwe na mkwewe hawali pamoja, ila siku hizi tunajifanya watu wa kisasa. Tukakaa mezani. Ugali, kisamvu cha karanga. Tonge la kwanza, kimya. La pili, mama akainua kichwa akanusa hewa.

"Nani kasafisha choo saa hizi?"

Mke wangu akainuka, akaenda kukagua choo, akarudi. "Hakuna mtu, mama." Mtoto wetu mdogo akasema kisamvu kinanukia kama choo cha hoteli ile ya Iringa. Akafinywa.

Mimi nilikuwa nakula kwa kasi ya kutisha. Nikaongeza. Nia yangu ilikuwa kuumaliza ushahidi kabla haujajulikana.

"Mkwe wangu leo ana hamu," mama akasema, uso ukamng'aa. Kisha akaacha kutafuna. Akaingiza vidole kinywani, kwa heshima zote, akatoa kitu, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kipande cha gome. Kahawia, kikavu bado katikati, kingo zimekatika vizuri, milimita 5 kamili.

Na mimi, ambaye kutwa nzima nilitafuta vya hivyo kwenye gunia zima, nikasikia mdomo wangu unasema: "Saizi yenyewe hii!"

Baba wa watoto wawili.

Mke wangu hakuuliza. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo yangu, akaitua katikati ya meza kando ya mchuzi.

Kinu sasa ni changu. Nilinunua kingine cha mninga, na bei yake sisemi. Zile chembe nazo hazikutumika: mtu mmoja mzoefu kaniambia magome mabichi yaachwe na unyevu miezi kadhaa kwanza yapoe, la sivyo yakioza yanaunyang'anya mti naitrojeni. Yapo kwenye kiroba, yanasubiri.

Asubuhi mimi na mke wangu tulimsindikiza mama stendi. Kabla ya kupanda basi akanigeukia.

"Huo mti, baba, unazaa nini?"

"Hauzai, mama. Ni wa kutazama tu."

Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akapanda basi.