Afande Hasemi: Tumwache au Tumlazimishe?

Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ukoo wetu pale Igoma, mshereheshaji alimwona baba mdogo amekaa meza ya nyuma, karibu na mlango kama kawaida yake. Akamwendea na maiki. "Leo tunaye Afande, kamanda wetu wa Kongo! Atupe neno, atusimulie kidogo mambo ya huko." Vigelegele vikapigwa. Baba mdogo aliipokea ile maiki kwa mikono miwili, akaitazama, akailaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, vidole vimeng'ang'ania tofali. Nikamuuliza vipi. "Mhola duhu," akanijibu, yaani ni amani tu. Usiku ule, baada ya miezi saba bila tone, alikunywa.

Kesho yake ukoo ulikaa sebuleni, na mjadala uliozuka pale ndio ninaotaka kuupima hapa, kwa sababu sisi si nyumba pekee Mwanza yenye mstaafu wa jeshi asiyesema. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema huyu mtu anakufa na siri, ni lazima aitoe yote, ikibidi mbele ya kikundi. Babu akamkatiza: mwanaume aliyetoka vitani haulizwi. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani kati yao yuko sahihi.

Kwanza tuelewe anachokinyamazia. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari Kongo kwenye brigedi ambayo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliiruhusu kuwashambulia waasi na si kulinda raia tu. Novemba mwaka ule waasi wa M23 walishindwa, na nyumbani tukashangilia. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakarudi kwenye majeneza. Baba mdogo alitumikia Kongo miaka hiyo. Alikuwa kambi gani, alifanya nini, alimwona nani akianguka, hajawahi kutuambia. Tunachojua ni kwamba hakai mahali asipoona mlango, na injini ya mtumbwi ikikohoa ghafla alfajiri anakuwa ameshalala kifudifudi sakafuni kabla hajafumbua macho.

Nianze na wanaotaka aseme, maana hoja yao ina nguvu kuliko babu anavyotaka kukubali. Uraibu hunenepa gizani. Mtu huanza kwa kuficha chupa, akaficha fedha, mwisho akajificha yeye mwenyewe. Na babu anaposema wazee wa vita vya Kagera hawakusimulia lolote na wakaishi, anasahau tuliowazika kwa gongo. Wale walirudi kutoka Uganda baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, na ni mwaka 1980 tu ugonjwa huu wa kiwewe cha vita ulipopewa jina lake la sasa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Hapa kwetu uliitwa ulevi, au ukichaa, au kurogwa. Hakuna aliyewauliza, nao hawakuwa na neno la kujibia.

Kusimulia kunaponya pia, kukifanywa kwa utaratibu. Mfano ninaouamini zaidi unatoka karibu kabisa na sisi, ng'ambo ya mpaka wa Kagera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwachukua wakimbizi wa kawaida, wala si madaktari, ukawafundisha kuwasikiliza wenzao wa Rwanda na Somalia. Mtu anasimulia maisha yake kwa mpangilio tangu alipozaliwa, mema na mabaya. Akifika penye lile lililomvunja hapitishwi haraka. Anasaidiwa kukaa nalo, aseme aliona nini, alisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, mpaka hofu ishuke, ndipo safari iendelee. Vikao ni vichache, msikilizaji ni yule yule, na siri inalindwa. Dalili zilipungua sana. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe, ndiyo sababu injini ya alfajiri inamrudisha mtu Kongo wakati yuko Igogo, hapa Mwanza. Akiisimulia kwa mpangilio, inapata tarehe na mahali, inaanza kuwa jambo lililopita.

Kwa upande wa ulevi nako, kile kikundi maarufu cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilizaliwa Ohio mwaka 1935, na mmoja wa waanzilishi wake wawili, Bill Wilson, alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Alichokigundua ni kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake pale ambapo hamsikilizi mke, daktari wala mchungaji.

Mpaka hapo kaka yangu anaonekana ameshinda. Lakini nilipozitazama tena hoja zake niliona anachanganya mambo mawili: kusimulia kwa utaratibu kama Nakivale, na kutoboa jipu hadharani. Kwa miaka mingi nchi za Magharibi zilikuwa na desturi ya kumkalisha mtu aliyepatwa na janga kwenye kikao kimoja, aseme yote, akaendelee na maisha. Mwaka 2002 tafiti za desturi hiyo zilipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, ilionekana kikao kimoja hakizuii ugonjwa, na kwa baadhi ya watu kiliwaacha pabaya zaidi. Kidonda kimefunguliwa, daktari ameondoka. Maiki ya Igoma ilikuwa ni kikao hicho hicho, tena kikiwa na bia juu ya kila meza.

Babu naye ana lake, ingawa halisemi kwa maneno haya. Askari ana kiapo, na yapo mambo ambayo si ya kwake peke yake kuyatoa. Ana marehemu wenzake, ambao wana mama zao na watoto wao hapa hapa nchini. Na anaishi Mwanza. Kule Igogo na Mabatini nyumba zimepandana juu ya mawe, dirisha la jirani liko usawa wa paa lako. Ukitoa ushuhuda Jumapili, Jumatatu mama muuza dagaa Kirumba mwaloni anakupunguzia bei kwa huruma. Kwa mtu aliyezoea kupigiwa saluti, huruma ile inauma kuliko tusi. Nimewahi kumsikia kijana aliyetoka soba hausi akisema alichoka kuwa mfano, kila mgeni akija anaitwa asimulie alivyokuwa teja.

Isitoshe, zipo jamii zinazojua kumpokea aliyetoka vitani bila kumhoji. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, vijana wao waliporudi kutoka msituni kwa waasi, waliwakanyagisha yai bichi kabla ya kuingia nyumbani. Yai linapasuka, unaingia, umekuwa wa kwetu tena. Nalipenda yai lile kwa sababu kazi ya kwanza inafanywa na wenyeji, si na aliyerudi. Sisi tunamkumbuka askari Julai 25, Siku ya Mashujaa, kwa mkuki na ngao, na siku 364 zilizobaki tunamwachia mkewe.

Na ni mkewe aliyenifanya nibadili swali. Kwenye kikao kile mama mdogo alikaa kimya mpaka chai ilipoletwa. Halafu akavuta mkono wa gauni, akaonyesha alama juu ya kiwiko. Alipigwa usingizini, na mtu ambaye hajawahi kumnyanyulia mkono akiwa macho. "Baba," akamwambia babu, "mnasema aachwe. Anayeachwa naye ni mimi." Babu akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia kaka yangu: "Na wewe unataka hadithi za Kongo. Mimi sizitaki, abaki nazo. Mimi nataka kujua leo ana kiu au hana."

Sijasikia neno lililonyooka kuliko hilo katika mjadala huu wote. Vimya viko viwili, na tumekuwa tukivizungumzia kama kimoja. Kuna kimya cha vita, ambacho ni mali yake. Akitaka kukifungua, akifungue kwa mtu aliyefunzwa au kwa askari mwenzake, kwa wakati wake, na asipotaka kamwe tumheshimu. Halafu kuna kimya cha kiu, na hicho si mali yake peke yake, kwa sababu kinapovunjika vibaya kinavunja mkono wa mtu mwingine. Hicho hatuna haki ya kukiacha. Najua watakaosema viwili hivi havitenganishiki, kwamba kiu ni mtoto wa vita. Ni kweli. Utafiti wa Australia wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiwewe kinaweza kutibiwa wakati mtu bado anahangaika na kilevi, bila ulevi kuongezeka, kwa hiyo ile kauli ya "aache pombe kwanza ndipo tuzungumze" haina msingi. Ila mlango wa kuingilia ni kiu. Mtu anaweza kusema "leo nina hamu" bila kutaja hata jina moja la marehemu.

Kwetu tulijifunza hili kwa njia mbaya. Kabla ya ile miezi saba, ndugu walimfungia chumbani siku tatu "akauke". Siku ya pili mikono ilitetemeka hadi uji ukamwagika. Siku ya tatu alikuwa anawafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani, jasho linamtiririka, anaita majina ya watu tusiowajua. Ndiyo mara pekee vita yake ilipomtoka mdomoni, na haikumponya. Ilikuwa nusura imuue. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka kunakoweza kumaliza maisha. Anatakiwa hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1, apunguziwe chini ya uangalizi. Kwa waliozama kwenye heroini iko methadoni, dawa inayoshika nafasi yake, inayotolewa bure kliniki, Mwanza ikiwemo. Kwa pombe hakuna methadoni, na hapo ndipo nyumba inapobeba mzigo mkubwa zaidi. Kuzuia bidhaa peke yake hakutoshi: viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, na wanywaji niliowaona mwaloni walihamia gongo.

Kwa hiyo baada ya kuanguka kwa Desemba hatukumuuliza habari za Kongo. Tulimpeleka hospitali, naye akakubali kuonana na mnasihi kila wiki mbili. Wanazungumza nini huko, hatuulizi. Nyumbani tulimwomba kitu kimoja tu, ishara. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua. Siku hizi anashona nyavu zilizochanika, kazi ya mikono isiyohitaji maneno, na wavuvi wana kauli yao siku ambayo hakuna mtumbwi wa kutoka: ziwa limechafuka. Akasema atakuwa anatumia hiyo. Hatari yake kubwa ni siku za mbalamwezi, ambapo taa za dagaa hazina kazi na wavuvi hushinda nchi kavu wakinywa. Siku hizo malipo ya nyavu anapokea mama mdogo, kwa makubaliano, na rafiki yake mmoja mstaafu anayeishi Buhongwa anakaa na simu karibu.

Je, inatosha? Kaka yangu bado anasema hapana, kwamba bila kusema yote mzigo utabaki. Huenda kuna siku baba mdogo atasema yote, na nitafurahi kama atampata wa kumwambia. Babu bado anasema tumemfanya mwanajeshi aombe ruhusa kama mtoto. Sikubaliani naye. Doria yoyote ina neno la siri, na anayelitaja haonekani mnyonge.

Jioni moja mwezi wa tatu nilikuwa nimekaa nao mbele ya nyumba. Mwezi ulikuwa unachomoza mkubwa nyuma ya mawe, na ziwa lilikuwa limetulia, hakuna hata wimbi la kutikisa mtumbwi. Baba mdogo alitia fundo, akakata uzi kwa meno, akaweka sindano chini.

"Mama Neema," akasema bila kumtazama mtu, "ziwa limechafuka."

Mama mdogo akainuka kwenda kuchukua simu. Nami nikasogeza kigoda changu karibu naye.